Begi Mgongoni, Dadu Mfukoni: Kuwaandaa Vijana kwa Matembezi ya Siku Mbili Masasi na Newala

Mwongozo huu ni wa mlezi wa klabu, mwalimu, kiongozi wa skauti, au mjomba mwenye wapwa wa miaka 13 hadi 17 anayetaka kuwatoa nyumbani kwa usiku mmoja. Mchana wanatembea, jioni wanacheza mchezo wa uhusika, yaani hadithi ya pamoja ambayo kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja. Mambo hayo mawili huharibika kwa sababu ile ile: mtu mzima anaanza na kifaa badala ya kuanza na kijana atakayekitumia. Begi la lita 60 kwa msichana wa kilo 45, au kitabu cha kanuni cha kurasa 300 kwa mvulana ambaye hajawahi kucheza, ni kosa moja.

Njia na maji kwanza

Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Likizo ya katikati ya mwaka ndiyo nafasi nzuri: njia ni kavu, nyasi zimeanza kulala, na jua bado halijawa kali kama la Oktoba. Jambo moja la kuangalia wakati huo ni salfa. Ndio msimu wa kuipulizia mikorosho kama dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na kazi hiyo hufanyika alfajiri wakati upepo umetulia. Ukisikia mashine ya kupulizia, subirini au zungukeni, maana vumbi la salfa huwasha macho na kifua.

Kwa asubuhi moja, vilima vya mawe vya Masasi vinatosha, ila upandaji wake ni wa jiwe tupu linaloakisi joto, kwa hiyo saa nne asubuhi muwe mmeshaanza kushuka. Kwa kulala nje, ukingo wa Uwanda wa Makonde upande wa Newala unapendeza zaidi. Kuanzia eneo la Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako. Lakini uwanda huo una udongo wa kichanga, maji hunywea chini, na usitegemee kukuta kijito njiani. Hesabu maji tangu nyumbani: nusu lita kwa kila saa ya kutembea juani, na lita moja zaidi ya jioni. Siku ya saa nne inadai lita tatu kwa kila mtu, yaani kilo tatu. Hizo kilo tatu ndizo zitakazoamua begi gani ununue, kuliko rangi yake, kuliko jina lililoshonwa mbele.

Kabla ya kuondoka pita ofisi ya mtendaji wa kijiji mnapokwenda kulala, utoe taarifa na upewe mwenyeji. Ukitaka kuwaingiza vijana ndani ya hifadhi ya msitu, kama Rondo upande wa Lindi, omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mapema.

Mpime kijana, si begi

Begi zuri hupeleka sehemu kubwa ya uzito kwenye nyonga. Haliwezi kufanya hivyo ikiwa urefu wake hauendani na mgongo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si lita, ni sentimita za mgongo, na kinahitaji futi ya fundi cherehani na dakika mbili.

Kijana asimame wima akiwa na fulana nyepesi, ainamishe kichwa mbele. Nyuma ya shingo utagusa mfupa mmoja uliojitokeza kuliko mingine. Weka alama hapo kwa kipande cha selotepu. Sasa anyanyue kichwa, ashike kiuno kwa mikono miwili, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaounganisha vile vidole gumba viwili ndio mwisho wa kipimo. Pima kutoka kwenye selotepu hadi hapo, ukifuata mpindo wa mgongo. Akiwa ni msichana, mama, dada au mlezi wa kike ndiye ampime.

Watengenezaji hawalingani sana, lakini mara nyingi saizi ndogo inakaa kati ya sentimita 40 na 45, ya kati 45 hadi 50, na kubwa kuanzia 50. Usikisie kwa urefu wa mtu. Kuna vijana warefu ambao urefu wao wote uko miguuni, na begi la mtu mzima linawashukia hadi makalioni.

Kipimo cha pili ni uzito wa mzigo. Kwa kijana anayekua, asilimia 15 ya uzito wa mwili ni mpaka mzuri. Msichana wa kilo 45 asizidishe kilo 6.75, na mvulana wa kilo 60 asizidishe kilo 9. Hapa watu wazima wa vijijini hubisha, kwa sababu binti huyo huyo huchota maji ndoo ya lita 20 akaiweka kichwani bila kulalamika. Ndoo ya kichwani hushuka wima kwenye uti wa mgongo, na safari yake ni fupi. Begi liko nyuma ya mwili. Linamvuta nyuma kila hatua kwa saa nne, na misuli ya shingo na tumbo inapigana nalo muda wote. Usilinganishe mizigo hiyo miwili.

Fanya hesabu yake kwa kweli, ukitumia mizani ya duka la jirani. Begi tupu kilo 1.2, maji kilo 3, chakula kilo 0.8, shuka nzito na mkeka kilo 1.2, nguo na sweta kilo 0.8, tochi, sabuni na dawa kilo 0.3. Jumla kilo 7.3, na mpaka wa msichana wetu ni 6.75. Lita moja ya maji yake ihamie kwa mwenzake mzito zaidi, abaki na kilo 6.3. Sufuria, turubai na maji ya kupikia ni vya watu wazima.

Ukubwa sasa unajitokeza wenyewe. Kwa usiku mmoja katika joto letu, bila hema, lita 25 hadi 30 zinatosha. Anayebeba hema au turubai achukue lita 40. Begi kubwa kuliko hapo litajazwa tu, kwa sababu kijana akiona nafasi huitia kitu. Begi lisiloandikwa lita, pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000. Lenye 50 kwa 30 kwa 20 ni lita 30. Likiwa limechongoka juu, punguza kama moja ya tano.

Sokoni: kukagua begi la mtumba

Mabegi ya matembezi hapa kwetu hupatikana zaidi kwenye mitumba, na mengine ni mazuri kuliko mapya ya bei hiyo hiyo. Begi jipya la shule lisilo na mkanda wa kiunoni linafaa matembezi ya asubuhi moja na mzigo usiozidi kilo nne, basi. Zaidi ya hapo, tafuta la mtumba lenye mkanda wa kiunoni, na ulikague hivi.

Anza ndani. Ligeuze au ingiza mkono, upapase kitambaa. Mabegi mengi yana ngozi nyembamba ya plastiki upande wa ndani inayozuia maji, na unyevunyevu wa pwani huila polepole. Ikiwa inanata vidoleni, inabanduka kama magamba, au inatoa harufu kali ya uchachu inayofanana na matapishi, ngozi hiyo imeoza. Kulifua hakusaidii, na dawa ya kuirudisha haipo. Ukilipenda kwa mengine yote lichukue, lakini lihesabu kuwa haliwezi kuzuia mvua hata tone.

Kisha mishono. Shika mkanda wa bega pale ulipoungana na begi, uvute kwa nguvu ukiangalia mshono wenyewe. Ukiona nyuzi zinafunguka na vitobo vya sindano vinatanuka, uzi umekufa. Hilo linatengenezeka, ila si kwa cherehani ya nguo. Mpelekee fundi viatu au fundi wa viti vya magari, mwambie ashone kwa uzi wa nailoni mstari wa mraba wenye msalaba ndani yake, na apitishe mara mbili. Kitambaa chenyewe kikiwa kimechanika pembeni ya mshono, acha.

Bonyeza sponji ya mabega kwa kidole gumba. Ikirudi mara moja ni nzima. Ikibaki na shimo, mkanda huo utakuwa kama kamba baada ya kilomita mbili. Funga na fungua kila klipu, kwa sababu klipu ya kiunoni iliyopasuka ni vigumu kupata inayolingana nayo. Chukua upana wa mkanda kwa milimita kabla ya kwenda kutafuta nyingine. Zipu za chuma zilizokaa karibu na bahari huota kutu ya kijani au nyeupe; zile za plastiki nene hudumu zaidi.

Mwisho, mgongo wa begi. Papasa kama kuna fito za alumini au ubao wa plastiki ndani. Mabegi mengi ya mtumba yamebaki na mfuko mtupu ambamo fremu ilikuwa, na muuzaji hajui. Bila fremu, begi hujikunja kiunoni na mkanda wa nyonga haubebi kitu. Dawa ya muda ni karatasi ngumu ya boksi iliyokunjwa mara tatu, ikafungwa ndani ya nailoni na kuingizwa kwenye mfuko ule. Kipande cha godoro gumu la mazoezi, lile lisilonyonya maji, ni bora zaidi na usiku kinakuwa mto wa kukalia.

Mfuko wa kuzuia maji ndani ya begi ni nailoni nzito inayouzwa kwa mita, iliyokunjwa mdomo mara tatu. Usitumie kabisa mifuko ya salfa au ya mbolea, hata ikifuliwa. Mabaki yake yanahamia kwenye nguo na chakula, na kijana anayetoka jasho ndiye atakayeyahisi kwanza.

Kulivaa, na kulijaribu kabla ya safari

Mpangilio wa kubana mikanda una maana, na wengi huufanya kinyume. Wanabana mabega kwanza, begi linapanda, halafu mkanda wa kiunoni unaishia tumboni. Fuata hivi:

1. Legeza mikanda yote, vaa begi likiwa na mzigo ndani.
2. Inua mabega, weka katikati ya mkanda wa kiunoni juu ya ncha ya mfupa wa nyonga, si juu ya kitovu. Funga na ubane hadi mkanda usiteleze.
3. Shusha mabega, vuta mikanda ya mabega hadi iguse bega lote bila kuacha uwazi. Iguse tu, isibebe.
4. Kama kuna mikanda midogo juu ya bega, vuta hadi iegemee kama nyuzi 45.
5. Funga mkanda wa kifua vidole vitatu chini ya mitulinga, ile mifupa inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani. Avute pumzi ndefu, ukimbana, legeza.

Anayevaa ushungi au hijabu aushushe vizuri na kuuweka sawa kabla ya hatua ya tatu. Ncha zikibanwa chini ya mkanda wa bega, kila akigeuza kichwa zinamkaba au zinamvua, na atasimama kila dakika tano kujirekebisha.

Sasa jaribio. Tia chupa nne za lita moja na nusu, ambazo ni kilo sita (tatu kwa msichana wetu wa kilo 45, asivuke mpaka wake), atembee nusu saa kwenye njia yenye mlima. Muulize vitu vitatu: vidole vya mikono vinakufa ganzi? Mkanda wa kiunoni umeshuka? Begi linayumba ukigeuka? Ganzi ya vidole inatoka kwenye mikanda ya bega inayokandamiza mishipa, na maana yake nyonga hazibebi. Rudi hatua ya pili. Ukirudi mara mbili na ganzi ikabaki, begi ni refu au fupi kuliko mgongo wake, na hakuna kubana kutakakolitengeneza.

Kupanga vitu ni rahisi. Shuka na nguo za kulalia chini kabisa. Vizito, hasa maji ya akiba na chakula, katikati na karibu na mgongo, usawa wa mabega. Vyepesi nje. Vya kushikwa mara kwa mara juu. Maji mazito yakikaa nje mbali na mgongo, kijana ataegemea mbele safari nzima na jioni atalalamika kiuno. Kanga ipakiwe na kila mmoja, mvulana hata msichana: ni shuka, ni taulo, ni kivuli, na hukauka kwa saa moja.

Mfuko wa juu uacheni mtupu kwa vifaa vya mchezo. Una mzigo wake, usiofika gramu 200.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa uhusika wa mezani ni huu: kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja katika hadithi, msimulizi anaeleza kinachowazunguka, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu zinaamua. Ulianza kuuzwa kwa namna hii Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, wenye dadu za pande 4 hadi 20. Dadu hizo hazihitajiki. Kijana aliyekua akijibu "hadithi njoo" tayari anajua nusu ya kazi. Kilichobaki ni kumwambia kwamba safari hii hadithi haiendi mpaka yeye aamue.

Pakia hivi kwa meza moja ya wachezaji watatu hadi watano: dadu mbili za ludo, penseli tano, nusu karatasi tano, na kifuniko cha sufuria. Kifuniko ndicho uwanja wa kurushia. Dadu ikirushwa mchangani usiku, haionekani tena.

Baadhi ya wazazi, hasa pwani, hawataki dadu kwa sababu ya kamari au kwa sababu ya dini. Usibishane nao, na usiwafiche. Chukua vizibo 12 vya soda, andika 1 hadi 6 kwa kalamu ya wino mzito, mara mbili. Weka seti moja kwenye kofia moja na nyingine kwenye kofia ya pili. Mchezaji anachomoa kimoja kila upande, anajumlisha, anarudisha. Hesabu zinatoka sawasawa na dadu. Usitumie korosho ghafi badala ya vizibo. Ganda likipasuka, mafuta yake huunguza ngozi.

Karatasi ya mhusika ina mambo manne tu. Jina. Sifa nne, Nguvu, Wepesi, Akili na Moyo, ambazo mchezaji anazigawia namba +2, +1, 0 na -1 apendavyo. Visanduku vitatu vya uchovu, vya kujazwa mhusika anapochoka. Na begi lenye nafasi sita. Maji yanachukua nafasi mbili, sufuria mbili, kila kingine moja. Hilo begi la kwenye karatasi lisiachwe: kijana aliyebishana mchana kuhusu kubeba spika atajikuta jioni akichagua kati ya kamba na chakula, na ataanza kuuliza maswali sahihi.

Kanuni ni moja. Jambo likiwa gumu na lina hatari, rusha dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa inayohusika. Kumi na zaidi, umefanikiwa. Saba hadi tisa, umefanikiwa kwa gharama: kitu kimepotea, muda umekwenda, mwenzako amechoka. Sita na chini, mambo yamekuwa magumu zaidi, na hadithi inasonga.

Fahamu uzito wa namba hizo, usije ukashangaa. Dadu mbili zina matokeo 36. Bila nyongeza yoyote, 6 kati ya hayo ni mafanikio kamili, 15 ni mafanikio ya gharama, na 15 ni balaa. Mwenye +2 anapata 15 kamili, 15 za gharama, na 6 tu za balaa. Mwenye -1 anabaki na 3 kamili, 12 za gharama, na 21 za balaa. Kwa hiyo moyo wa mchezo huu ni gharama. Andaa mapema orodha ya gharama sita au saba, kwa sababu utaziita kila dakika chache: chupa imevuja, mkanda wa begi umekatika, giza limeingia, mmeonekana.

Hadithi ya kuanzia: mzigo wa Tendaguru

Usianze na majoka na ngome. Lindi ina hadithi ya kweli inayobeba mchezo mzima. Kati ya 1909 na 1913, wachimbaji wa makumbusho ya Berlin walifukua mifupa ya dinosauri katika kilima cha Tendaguru, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Walioongoza kutoka Ujerumani walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu wa huku walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 na njaa yake bado ilikumbukwa. Mfupa mmoja mmoja uliunganishwa, na leo kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin.

Wachezaji ni wapagazi. Mwaka ni 1911. Wao wanabuniwa, na matukio yanabuniwa. Waambie hivyo wazi, wasije wakajibu mtihani wa historia kwa mambo ya mchezo. Wana kasha moja zito linalohitaji wawili kulibeba, na siku nne za kufika. Msimulizi aandae hali tatu tu, kila moja kwa sentensi mbili.

Ya kwanza: kijito kimefurika, daraja la magogo limekwenda, na kasha haliwezi kulowa. Wanafanyaje? Ya pili: kijijini wanapoomba maji, mzee mmoja anauliza ni nini ndani ya kasha, na kwa nini kinaondoka. Hapa usirushe dadu kabisa kwa dakika kumi. Waache wajibu. Ya tatu: usiku wa mwisho mmoja wa wahusika amechoka hadi visanduku vyake vitatu vimejaa, na kasha haliwezi kufika kwa wakati bila yeye. Wamwache, wasubiri, au waache kasha?

Muda wake ni dakika 90: kumi za maelezo, kumi na tano za kuandika wahusika, hamsini na tano za mchezo, kumi za mazungumzo. Hadithi isipofika Lindi, isifike.

Yanayoharibika mezani

Kosa kubwa la msimulizi mgeni ni kusoma. Ameandika kurasa tatu usiku wa jana, na anataka zisikike zote. Vijana wanaanza kutazama simu. Sema sentensi mbili au tatu, kisha uliza, "Mnafanya nini?" Ukinyamaza sekunde tano na hakuna anayejibu, usijaze ukimya. Hesabu hadi kumi moyoni.

Msemaji mmoja atateka meza, huwa yupo. Usimkemee mbele ya wenzake. Mgeukie aliye kimya umwite kwa jina la mhusika wake, umpe swali lenye njia mbili: "Chausiku, wewe uko karibu na kamba. Unaishika au unamshika mwenzako?" Swali pana kama "wewe unasemaje?" humtia aibu mtu mwenye haya. Lenye njia mbili anaweza kulijibu kwa neno moja, na la pili litafuata.

Kosa jingine ni kurusha dadu kwa kila kitu. Kuwasha moto mkavu hakuhitaji dadu. Na usiwahi kufunga mlango wa hadithi nyuma ya dadu moja: kama lazima wavuke kijito ili mchezo uendelee, dadu zisiamue kama watavuka, ziamue wamepoteza nini katika kuvuka.

Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo moja asilotaka lionekane kwenye hadithi. Wengine watakuwa wamefiwa karibuni, na hutajua. Kusanya, soma kimya, yaache nje. Mkubaliane ishara ya kiganja kilichoinuliwa: akikiinua yeyote, tukio linasimama hapo hapo, na haulizwi sababu. Majini na uchawi waweke kando kikao cha kwanza. Katika wilaya hizi kwa familia nyingi hayo si mambo ya kubuni, na usiku porini si wakati wake. Mambo ya jando na unyago, na siri za mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yasiwe vifaa vya mchezo hata kikao cha mia. Kuna watu wanaostahili kuulizwa kwanza, na mezani hawapo.

Wakiwa 12, usiwaweke kwenye meza moja. Gawa meza tatu za wanne wanne, na kila meza ipate msimulizi wa miaka 16 au 17 aliyecheza nawe mara moja wiki iliyotangulia. Mchezaji wa sita humaliza uvumilivu wa meza, kwa sababu zamu yake hufika baada ya dakika nyingi na tochi zinaanza kuisha moto.

Dakika kumi za mwisho uliza maswali mawili. Ni uamuzi gani ulikuwa mgumu? Ungeweka nini tofauti kwenye begi la mhusika wako? Andika majibu ya swali la pili, maana asubuhi wanapopakia mabegi yao halisi wengi wataanza kubadilishana vitu bila kuambiwa, na wewe unahitaji kujua nani sasa amebeba nini.

Mkirudi, begi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi, hasa mikanda iliyonyonya jasho, na likauke kivulini likiwa limefunguliwa zipu zote. Jua la mchana na joto la chini ya bati huua sponji na klipu. Karatasi za wahusika ziwekwe kwenye mfuko wa juu wa begi la msimulizi, pamoja na visanduku vya uchovu vilivyokwisha jazwa, kwa sababu kikao cha pili kitaanzia hapo walipoishia, na safari hiyo mpe mmoja wa vijana asimulie.